Isipokuwa Duma

Paukwa!

Pakawa!

Mbona wa nyuma kimya, mmemeza ndimi? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na sekondari yao, na sekondari ilikuwa na timu ya mbio za kupokezana vijiti. Wakimbiaji wanne: Swala, Pundamilia, Digidigi na Duma. Digidigi alikuwa kidato cha nne. Ule ulikuwa mwaka wake wa mwisho, na kombe alilitaka mpaka akaliota.

Mwalimu wao Nyumbu akawaandikia kanuni za mwenendo. Kanuni nzuri! Ndefu! Mchezaji aje mazoezini. Mchezaji asimtukane mwamuzi. Mchezaji asitoroke darasani. Akazisoma gwarideni mpaka mate yakaruka.

Siku moja Digidigi akachelewa mazoezini. Kidogo tu, alikuwa anamalizia zamu ya kufagia bweni.

"Kanuni ni kanuni!" Nyumbu akafoka. "Zunguka uwanja mara kumi!"

Digidigi akazunguka. Tiki, tiki, tiki, ulimi nje. Duma siku hiyo hakuja kabisa. Alikuwa amelala.

"Ah, mwacheni mtoto," akasema Nyumbu, sauti laini kama uji. "Miguu ile ni ya kutunzwa."

Duma akamtukana mwamuzi. "Damu ya ujana hiyo." Duma akatoroka darasani. "Jamani, akili yake iko miguuni." Na kila mara Nyumbu akachukua kalamu, akaongeza kwenye kanuni: isipokuwa Duma. Maskini mwalimu wa watu, wino ukamwishia.

Digidigi roho ikamuuma. Lakini kila asubuhi alifanya mazoezi. Kijiti ampe nani? Duma hayupo. Akawa anakikabidhi kwa kichuguu. Kichuguu walau kilihudhuria.

Fainali ikafika. Pii! Swala huyo! Pundamilia huyo! Digidigi huyo, tiki tiki tiki, akawapita wote!

"Duma, shika!"

Duma akatoa mkono wa kushoto. Akabadili, akatoa wa kulia. Akachomoka kabla hajashika. Puu! Kijiti chini. Na Duma huyoo, mikono mitupu, mbio za ajabu! Akafika wa kwanza. Akapungia watu. Mwamuzi akaitoa timu nzima.

Nyumbu akaja anahema. "Digidigi! Umeangusha kijiti! Uwanja mara ishirini!"

Digidigi akalia. Alilia kweli, maana kombe limekwenda na mwaka mwingine hana. Kisha akavua jezi, akaiweka mbele ya Nyumbu.

"Samahani, mwalimu. Mwambie Duma akazunguke, miguu yake haijachoka."

Swala akavua yake. Pundamilia naye akavua yake.

Nyumbu akabaki na kanuni zake, na Duma. Timu ya kupokezana vijiti, mkimbiaji mmoja. Hongera sana, mwalimu!

Basi nyinyi watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: kanuni za timu ni za kila mchezaji, hata yule mwenye mbio kuliko wote. Ukiwabana wengine na kumwachia mmoja, timu huna.

Hadithi yangu imekomea hapo, na koo limenikauka. Nipeni maji.