Adui Karibu

Hodi, wenyewe!
— Karibu!
Nimekuja na mzigo.
— Utue!
Mzigo wenyewe ni ngano.
— Isage tule!

Kabla sijaisaga, nina dhambi ya kutoa kifuani, maana nilifundishwa kwamba ulimi mchafu hausimulii. Siku moja shangazi yangu Mwanaidi, anayekaa ng'ambo ya mto, alinipigia simu niende nikale kwake. Nikamjibu, "Niko njiani, shangazi." Uongo mtupu! Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha gemu. Lilikuwa gemu la panga na uchawi, lenye ramani: unagonga jina la mji, vuuup! shujaa wako ameshafika. Hajapanda kilima, hajavuka mto, hata jasho halijamtoka. Mchana ule nilimfikisha shujaa wangu miji kumi na mmoja. Kwa shangazi sikufika. Alifunika wali kwa kawa, akangoja, akangoja, mpaka wali ukalala. Mungu anisamehe.

Basi ngano hii ni ya nchi ile ile, iliyomo ndani ya gemu, upande ambao shujaa hapiti. Huko wanakaa wanyama.

Katika nchi hiyo palikuwa na mawe ya safari. Mnyama akitaka kwenda mbali, aliweka pua kwenye jiwe, akataja aendako, akabisha, "Hodi!" Jiwe likajibu, "Karibu!" Vuuup! Ameshafika.

Lakini mawe yalikuwa na miiko yake. Mwiko wa kwanza: usitaje mahali ambapo nyayo zako hazijawahi kukanyaga. Jiwe litakuchukua, ndiyo, ila halitajua pa kukuweka. Utabaki kwenye giza la katikati, pasipo juu wala chini, pana kiduara cheupe tu, kinazunguka, kinazunguka, kinazunguka. Ndivyo walivyosema wa kale. Mwiko wa pili: jiwe halimbebi mtu ambaye adui yake yuko jirani. Likiona hivyo husema maneno mawili, kisha hunyamaza kimya.

Sasa, alikuwepo Chui. Tangu Chui ayajue mawe, aliacha kutembea. Alinenepa, tumbo likamshuka kama gunia la mpunga. Kazi yake ikawa kulala karibu na jiwe hili au lile, akiwavizia wanaofika, maana anayefika kwa jiwe hufika macho yana kiwi, haoni kitu. Vuuup! Swala amefika. Kacha! Swala hayupo. Vuuup! Digidigi amefika. Kacha! Digidigi hayupo.

Mahali pamoja tu Chui hakuwa akifika: Kileleni. Mlima ule ni mkali, na mwenye tumbo lile hapandi. Huko juu alikaa Bi Pimbi na watoto wake wanne. Yeye aliupanda kwa nyayo zake mwenyewe, siku tatu, na mimba tumboni.

Siku moja mtoto wake mdogo, Tone, alishikwa na homa. Mwili moto, macho yamelegea, ziwa halitaki. Dawa yake ni kivumbasi, na kivumbasi huota bondeni. Bi Pimbi akawaambia wale watatu, "Mfunikeni mwenzenu. Narudi sasa hivi." Akaweka pua kwenye jiwe. Hodi! Karibu! Vuuup! Akafika bondeni, hapana mtu. Akachuma kivumbasi, akakibana mdomoni, akarudi mbio kwenye jiwe. Jua lilikuwa la utosi, na nyenze wote walikuwa wamenyamaza.

Akaweka pua. "Kileleni. Hodi!"

Jiwe likasema, "Adui karibu."

Akatazama kulia: nyasi. Akatazama kushoto: nyasi. Akabisha tena, polepole, "Hodi."

"Adui karibu."

Hapo akaisikia pumzi. Hhhaa... hhhaa... Ilikuwa nyuma yake, tena juu ya kisogo chake, ina harufu ya nyama ya juzi. Akafumba macho, akamtaja Mungu wake. Kisha akageuka, maana angefanya nini?

"Shikamoo, babu Chui."

"Marahaba, mjukuu wangu." Chui akaweka kiganja mgongoni mwake, kizito kama gogo. "Mbona umekonda hivyo? Wewe ni wa kuchokolea meno tu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, babu."

"Wangapi sasa?"

"Wanne."

"Wanene?"

Bi Pimbi akatazama nyasi.

"Nimekuuliza, wanene?"

"Wananyonya, babu."

Chui akalamba mdomo, lap, lap. "Sikiliza. Nikikula wewe nimekula mmoja, tena mifupa. Nipeleke Kileleni. Nitakushika mkia, twende wote."

"Sina mkia, babu."

Chui akamtazama nyuma. "Kweli huna! Uko wapi?"

"Siku ya kugawiwa mikia nilimtuma mtu aniletee. Sikwenda mwenyewe."

Chui akacheka, na kiganja kikatikisika, na kucha zikamgusa Bi Pimbi ubavuni. "Mvivu wee! Haya, nitakushika shingo. Bisha hodi."

Bi Pimbi akabisha. Sauti yake ilikuwa kama ya unyasi. "Kileleni. Hodi."

"Adui karibu," likasema jiwe.

Chui akasimamisha masikio. Maneno hayo alikuwa hajawahi kuyasikia. Hakuwahi kusafiri akiwa na adui jirani, maana kila aliyekuwa jirani naye alikuwa ameshaliwa.

"Limesema nini?"

Bi Pimbi alitaka kusema kweli. Akamwona moyoni Tone amelala, midomo imekauka. Ulimi wake ukageuka wenyewe.

"Babu hukusikia? Limekukaribisha. Adui, karibu!"

"Mimi?"

"Hapa adui ni nani, babu? Ni mimi?"

Chui akavuta kifua. Tumbo likamfuata. "Adui ni mimi! Adui wa nchi nzima! Kumbe hata Kileleni wananijua?" Kisha akafinya macho. "Lakini ngoja. Sijawahi kukanyaga huko. Mwiko je?"

"Mwiko ni wetu sisi wabisha hodi," akasema Bi Pimbi. "Aliyekaribishwa kwa cheo chake ana haja gani ya nyayo? Ila limekukaribisha wewe, babu. Mimi halikunitaja. Ukinishika, tutakaa hapa mpaka kesho. Mdogo hasimami mlangoni na mkubwa. Niache nirudi nyuma kidogo, kwa heshima."

Chui akafikiri. Mmoja mkondefu hapa, wanne laini kule. Akainua kiganja.

"Rudi nyuma. Lakini ukikimbia, nakurukia."

Bi Pimbi alijua kwamba jiwe huhisi adui mpaka hatua ishirini. Akarudi hatua tano, uso umeelekea kwa Chui.

"Kileleni, hodi!" akanguruma Chui.

"Adui karibu."

"Mbona halinibebi?"

"Linakusisitiza, babu. Mkubwa hakaribishwi mara moja."

Hatua tano tena. "Hodi!"

"Adui karibu."

"Ah, wamenipenda!"

Hatua tano tena. "Hodi!"

"Adui karibu."

Zikabaki tano. Sasa hofu nyingine ikamshika Bi Pimbi, kubwa kuliko ya kuliwa. Je, kama wa kale walisema tu? Kama hakuna giza wala kiduara, na jiwe likamtua Chui Kileleni, palipo na watoto wanne chini ya majani, bila mama? Nani alikwenda katikati akarudi kusimulia?

Akarudi hatua moja. Mbili. Tatu.

"Unajua," akasema Chui, amefumba macho, pua juu ya jiwe, "mama alinizalia huko huko Kileleni."

"Ulitembea huko, babu?" Neno lilimtoka kama mfupa.

"Nitembee na nini? Sikuwa nimefumbua macho. Mama alinibana mdomoni, akanishusha bondeni. Au nilitambaa kidogo, sikumbuki. Rudi nyuma, wewe! Njaa inaniuma."

Bi Pimbi hakuweza kuinua mguu. Alisema moyoni, Mola wangu, mimi nimesema uongo, nihukumu mimi, usiwahukumu wale. Akarudi hatua ya nne. Akarudi hatua ya tano.

"Kileleni, hodi!"

Jiwe likasema, "Karibu."

Vuuup!

Nyasi zikatikisika. Chui hayupo.

Bi Pimbi akalikimbilia jiwe. Apande kwa miguu? Siku tatu, na Tone hana siku tatu. Apite kwenye jiwe? Atalipita giza lile lile. Akabana kivumbasi kwa meno, akafumba macho, na kwa pembe ya mdomo akasema, "Kileleni. Hodi."

"Karibu."

Giza. Kwa kawaida ni kufumba na kufumbua, lakini safari hii lilikuwa refu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Na ndani ya giza, karibu na sikio lake, akasikia pumzi. Hhhaa... Kisha sauti, ndogo, ya mtu aliyepotea.

"Hodi? ... Hodi jamani? ... Hodi?"

Bi Pimbi hakujibu. Midomo ilimuwasha, maana kwao mtu akibisha hodi hujibiwa, lakini hakujibu.

Vuuup! Upepo wa mlima. Macho yana kiwi, haoni. Akaita, "Wanangu?"

Hakuna sauti.

"Wanangu!"

"Mama," akajibu mmoja chini ya majani, "usipige kelele, Tone amelala."

Akawahesabu kwa pua. Mmoja, wawili, watatu. Na Tone, wa moto, lakini yupo. Akatafuna kivumbasi, akamtilia mdomoni. Jua lilipozama, homa ikashuka.

Na Chui? Yuko huko huko. Hajafika, na hawezi kurudi. Wanyama wapitao kwenye mawe humsikia hadi leo, na hakuna anayemwitikia. Ukimwitikia "karibu", atajua pa kushukia.

Funzo la ngano hii, watoto, ni kwamba msiwadanganye wakubwa. Bi Pimbi alimdanganya mkubwa wake, na mmeona yaliyompata: alifika nyumbani mzima, mtoto akapona, jirani mbaya akapungua. Mcheni Mungu, yasije yakawapata na ninyi.

Ngano nimeisaga.
— Imesagika!
Unga chukueni, pumba niachieni.
— Tumechukua!
Hodi!
— ...
Hodi?
— ...

Vizuri. Mmesikia.

Sasa nina ombi moja. Kesho asubuhi nakwenda kwa shangazi Mwanaidi, kwa miguu, na safari hii ni kweli. Njia ni ndefu, na mimi ni mwoga. Naomba mnisindikize mpaka mtoni.