Kenge na Mafundi Wawili wa Lango la Maji

Nina ngano.

— Itue hapa.

Nikiitua, mtakaa?

— Tutakaa mpaka iishe.

Hapo kale, kale sana, wanyama wa Bonde la Kilulu walikutana barazani. Alikuwapo Nyati, mwenyekiti. Alikuwapo Korongo, fundi wa michoro. Alikuwapo Mchwa, fundi wa mashine, ambaye wengi humwita Siafu, naye si Siafu. Na alikuwapo Kenge, mlinzi wa bwawa.

Nyati akasema, "Bwana Kenge, kompyuta ya kufungulia lango la bwawa imefika. Chagua fundi wa kuiandikia programu. Masika ni mwezi ujao."

Kenge akaitikia, akiwaza nyumbani kwake. Chini ya ukingo wa bwawa mkewe alikuwa amefukia mayai ishirini. Maji yakipita juu ya ukingo, mayai yamekwenda.

Akawaacha mafundi wote wawili waanze ili awapime, kisha akaenda kwa Korongo. Akamkuta amechora mchangani duara na mraba.

"Duara ni Maji, mraba ni Lango," alisema Korongo.

"Na kufungua?"

"Kufungua ni huu mshale. Usiniharakishe, shemeji."

Akaenda kwa Mchwa, aliyekuwa amejifungia ndani ya mashine.

"Shikamoo, fundi. Umefika wapi?"

"Marahaba. Jino la kwanza la gurudumu la kufungulia. Naliandikia namba zake, moja baada ya moja."

"Lango litafunguka kwenda juu au chini?"

"Mimi nalijua jino. Lango sijaliona."

Wiki ya pili akarudi. Korongo alikuwa amefuta Maji na kuandika Kiowevu. "Huenda siku moja mkataka kutia uji," alisema. Mchwa alikuwa kwenye jino la pili.

Wiki ya tatu akarudi tena. Korongo alikuwa amefuta yote. Kila alichochora sasa kiliitwa Kitu.

"Kitu kinakutana na Kitu," alisema kwa furaha. "Hapa fundi hakosei kamwe."

"Atakoseaje, na hajafanya lolote?"

Mchwa alikuwa kwenye jino la tatu. Gurudumu lilikuwa na meno arobaini.

Mke wa Kenge akamwambia mumewe, "Baba watoto, si uwakalishe mkeka mmoja?"

"Katika bonde hili mafundi wawili hawali sinia moja. Nikiwaita pamoja, watasusa wote."

Basi akaendelea kufikiri amchague yupi. Mvua haikumngoja.

Maji yalipofika ukingoni, Kenge akabonyeza kitufe. Gurudumu likazunguka jino la kwanza, likazunguka la pili, likazunguka la tatu, likasimama.

Korongo akasema, "Kwenye mchoro limefunguka."

Mchwa akasema, "Meno yangu matatu hayana kasoro."

Kenge akazama, akalishika gurudumu kwa mikono yake, akalisukuma jino kwa jino, meno thelathini na saba. Lango likafunguka, maji yakashuka.

Funzo lake ni hili: achoraye na ashuke aguse jino, na ashikaye jino apande atazame mchoro. Na mwenye bwawa awakalishe pamoja kabla ya mvua, hata wakisusa.

Ngano yangu nimeitua, aitakaye ajitwike.

— Na mayai?

Yalianguliwa yote ishirini.

— Na Kenge?

Kenge alikufa Alhamisi ile ile ya mvua, kwa uchovu wa meno thelathini na saba.