Behewa Linalotembea Peke Yake

Ulipita pale, usikatae. Ulipita kituoni Kamina, ukaliona behewa la mahindi la tajiri fulani limesimama njia ya pembeni yenye mteremko, ukawaona akina mama wameikalia reli kama kigoda, vyungu vyao vikitokota mbele ya magurudumu. Ukageuza uso, ukatazama simu yako. Wahenga hawakugeuza uso. Walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Maana yake, neno linalozunguka midomoni mwa watu lina mzizi wake, na anayelipuuza hulingoja tu limfikie. Tshala, binti wa kambi ya reli, alilisema akazibwa mdomo.

Tshala alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kipaji cha kuwatisha watu mchana kweupe. Kila Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, yeye na wenzake watatu waliizunguka meza wakacheza mchezo wa kuigiza: kila mmoja hujivika mhusika, msimulizi hueleza mkasa, na kete huamua nani atapona na nani ataangamia. Kitabu cha sheria kilitoka mbali. Mikasa yenyewe Tshala aliitunga mwenyewe, kwa mapenzi tu, kisha akaigawa bure kwa simu hadi kwa wachezaji wa Likasi na Lubumbashi.

Mkasa wake mpya ulihusu behewa linalosogea peke yake. Kila asubuhi hukutwa mbele kidogo, na hakuna aliyeliona likienda. Wachezaji wakapeleleza. Walimhoji mlinzi, wakapima njia kwa hatua, wakarusha kete mpaka jasho likawatoka. Noé, fundi wa redio mwenye mdomo kama cherehani, akakata kauli:

"Minyi nimejua! Njo mzimu ya ule muzee wa reli mwenye alikufaka!"

"Hapana," Tshala akasema taratibu. "Muangalie ku majiko. Zile kabari za mbao zenye kuzuia magurudumu, bamama banazibeba moja moja, banawashia moto. Mbao ya reli inawaka mpaka jioni. Mzimu yenu njo chungu ya maharage."

Wakaangua kicheko.

"Ah, yaya Tshala, dada yangu!" Laetitia, mchezaji mwenzao, akapiga meza. "Tumetetemeka masaa mbili juu ya maharage? Turudishie mzimu yetu!"

Tshala hakucheka. Kabari ile haikuwa ya kubuni. Aliiona kwa macho yake, imeungua nusu, katika mafiga ya mama yake mzazi, Germaine, aliyeuza maharage hatua kumi mbele ya behewa la kweli. Tena alikuwa amechora alama ya chaki kwenye reli mara mbili, na mara zote mbili gurudumu lilikwisha kuipita.

Akaupeleka mkasa, ulioandikwa daftarini, kwa mjomba wake Ézéchias, mpanga mabehewa kituoni na shemasi kanisani. Mzee akalisoma daftari mpaka mwisho, akalifunga.

"Mutoto wa dada yangu, weye unataka nini? Bantu baite mama yako mwizi? Na minyi nifukuzwe kazi?"

"Tonton, behewa inatembea."

"Basi usiiite! Kitu mubaya, ukiitaja inakuja. Weka mzimu, bantu bacheke, iishe."

Tshala angeweza kukataa. Lakini alilelewa kutomjibu mjomba mara mbili. Akafuta kabari, akaandika mzimu. Mkasa ukaenea kama moto wa nyika. Likasi wakausifu, Lubumbashi wakaomba mwingine, na kambini watu wakaenda kupiga picha na behewa. Sifa zile kwake zilikuwa tamu kama shubiri. Kati ya wote waliopiga picha, hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama gurudumu.

Alhamisi moja, jua likiwa la utosi, behewa likaondoka. Halikukimbia. Lilijikokota bila sauti, kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji. Germaine alikuwa ameligeuzia mgongo, akimpakulia mteja. Mteja akaona, akaruka. Germaine alichelewa kwa pumzi moja. Chungu kikapasuka, na mguu wake wa kushoto ukanaswa chini ya gurudumu. Madaktari hawakuweza kuuokoa.

Siku ya nne, hospitalini, Germaine alimtazama bintiye aliyekuwa akimpepea.

"Noé alikuya hapa. Anasema weye ulijua."

"Nilijua, mama. Niliandika."

"Uliandika mzimu." Germaine akaushika upepeo. "Kila asubuhi, mbele ya kuwasha moto, nilikuwa naomba Mungu juu ya ile mzimu yako. Gurudumu, sikuiangalia hata siku moja."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza namna ya kuloweka maharage, na hilo ndilo lililomchoma Tshala.

"Ungenitukana, mutoto wangu. Ungesema: mama, weye njo mwizi wa kabari. Ningekasirika, nikasimama na miguu yangu yote. Sasa andika tena. Na jina yangu uiweke."

Tshala akaandika. Akaiweka kabari, akaliweka jina, akautuma mkasa kote ulikokwenda mzimu. Jumapili akausoma mlangoni pa kanisa, mjomba wake akiwa mbele yake ameinamisha kichwa. Watu wakasikiliza. Wakasema pole. Wakaenda kula.

Behewa lilisukumwa likarudishwa mahali pake, likawekewa mawe mawili. Jiwe moja limekwisha kuwa figa la mtu.

Basi usiseme umehuzunika. Mchana huu kuna mama ameikalia reli ile. Inuka sasa hivi, chukua kabari na nyundo, ukaipigilie chini ya gurudumu, kisha umwambie mama yule ahame, hata akikutukana. Usingoje usikie tena, kwa maana lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.