Kwa Nini Mtu wa Chokaani Akisema Karibu Hujisogeza

Nyinyi mnaokuja Chokaani na karatasi mkononi, najua karatasi hiyo imewaambia nini. Muone ngome, muone msikiti wa mnara mfupi, mpande juu ya ghala la zamani mpige picha bahari, halafu jioni mle pweza wa kuchoma pale forodhani. Sawa. Vioneni vyote, ngome haikimbii. Lakini kitu cha kwanza cha kuona mjini hapa mmekikalia. Ndiyo, hilo baraza la mawe lililo chini yenu. Karatasi haikulitaja kwa sababu aliyeiandika alikuwa na haraka, na mwenye haraka Chokaani haoni kitu. Basi tulieni niwaeleze lilivyotokea, na anayetaka kunikatiza anikatize sasa hivi, kahawa ikiwa bado ya moto.

Kulikuwa na wakati mji huu haukuwa na baraza hata moja. Kuta zilishuka wima mpaka chini kama zilizokatwa kwa kisu, milango imefungwa, vichochoro vitupu. Watu wa hapa walikuwa na nyumba za mawe wakadhani wana akili. Waliamini mtu aliyesimama nje ya mlango wako ama ni mwizi ama ni mwombaji, kwa hiyo hakuna aliyesimama nje ya mlango wa mwenzake. Mkikutana, mnasalimiana mkitembea. Ukiona wawili wamesimama, jua mmoja wao kajikwaa.

Na walikuwa na neno moja la kuwamalizia wageni. Neno lenyewe ni karibu. Sikilizeni vizuri hapa. Kote pwani watu walikwisha kulitumia neno hili kupokelea watu, lakini Chokaani siku hizo lilikuwa neno la masafa tu. Kisima kiko wapi? Karibu. Na sokoni? Karibu tu hapo. Mdomo unabinuliwa upande mmoja, upande wowote, kisha mlango unafungwa. Neno la kupokelea watu walikuwa hawana, kwani hawakuwa wakipokea mtu.

Sasa, katika mji huo alikaa mwashi mmoja jina lake Shee, na mkewe Somoe. Shee alikuwa fundi wa kupaka kuta chokaa, mikono yake myeupe siku zote hata akinawa. Somoe alikuwa mjamzito, na mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa imefika miezi yake, na mji mzima hauna mkunga. Yule mmoja tuliyekuwa naye alifariki mwezi wa Mfungo Tatu. Shee akasikia kwamba ng'ambo ya mkono wa bahari, huko Mtangani, yuko mkunga hodari anaitwa Mgeni binti Faki.

Msinitazame hivyo. Mgeni ni jina la mtu. Mtoto akizaliwa siku nyumba imejaa wageni huitwa hivyo, hata leo.

Shee akapeleka ujumbe, na jibu likarudi: Mgeni atakuja Alhamisi, maji yakijaa, kwa mtumbwi. Alhamisi ilipofika, Somoe aliamka na uchungu tangu alfajiri. Shee akamwacha na mama yake mzazi, yaani mama yake Shee, bibi kizee asiyesikia vizuri, akatoka mbio kwenda forodhani kumngoja mkunga. Njiani akawaambia majirani, mlango kwa mlango, "Jamani, leo Mgeni akifika, mleteni kwangu upesi."

Majirani wakatazamana. "Mgeni? Mgeni gani? Tangu lini mwashi anakusanya wageni?"

Bi Asya, mwenye mlango mkubwa wa nakshi pale kona, akasema, "Wageni wake awaokote mwenyewe."

Lau Shee angesema "mkunga", neno moja tu, yote haya yasingetokea. Lakini wanaume wa siku hizo waliona haya kulitamka neno hilo njiani, kana kwamba wao wenyewe waliangushwa na kunguru. Akasema Mgeni, akaenda zake, akaketi kwenye ngazi za forodha akitazama maji.

Naye Mgeni hakuyangoja maji. Alikuwa mwanamke mnene, goti la kushoto bovu, lakini akili yake ilikuwa na miguu. Aliona uchungu haungoji bahari, akavuka maji yakiwa yamekupwa, fimbo mkono huu, makubadhi mkono ule, matope mpaka magotini, akaingia mjini kwa lango la juu ambako punda hupita. Kwa hiyo Shee yuko chini anatazama mtumbwi, na mkunga yuko juu anatafuta nyumba.

Akamuuliza mtu wa kwanza, "Kwa Shee mwashi ni wapi?" Akaambiwa, "Karibu." Akafuata mdomo ulikobinuliwa, akafika ukutani. Akamuuliza wa pili. "Karibu tu hapo." Akazunguka. Wa tatu hakutoka hata nje, alisema karibu kwa tundu la dirisha. Vichochoro vyetu mmeviona, vinajikunja kama utumbo wa mbuzi. Mtu akivizunguka mara moja anatoka alipoingilia. Mgeni alivizunguka mara tatu. Jua limepanda, goti limevimba, na nyuma ya ukuta mmojawapo, hajui upi, kuna mwanamke anamngoja.

Kwenye mzunguko wa tatu akafika kwa Bi Asya. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na mwenyewe yuko ndani ya daka, kile kiukumbi cha mlangoni, anapepeta mchele.

"Kwa Shee mwashi, mwanangu?"

"Karibu," Bi Asya akasema, macho kwenye ungo.

Sasa kwao Mtangani mtu akikwambia karibu mlangoni pake, unavua viatu. Mgeni akashukuru Mungu, akavua makubadhi, akatoa salamu, akaingia, akajibwaga mkekani.

Bi Asya nusura amwage mchele. "We mama! Unakwenda wapi?"

"Si umesema karibu?"

"Nimesema karibu, sikusema karibu!"

Mgeni akamtazama. "Kwani mnazo karibu ngapi mji huu?"

"Wewe nani hata?"

"Mimi Mgeni."

"Naona!" Bi Asya akasema, akamshika mkono akamtoa nje, na makubadhi yakamfuata, moja moja, yakirushwa.

Basi Mgeni akasimama kichochoroni, akawaza kurudi kwao. Angeweza. Maji yalikuwa hayajajaa bado, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akatembea mpaka kona ya pili, goti likakataa, akakaa chini. Katikati ya njia, mavumbini, miguu ameinyoosha. Akasema kwa sauti, "Sitoki hapa mpaka nioneshwe hiyo karibu."

Si punde akaja Kombo, mchukuzi wa mawe, mtu mzima mwenye mvi, na punda wanne waliopakia mawe ya matumbawe ya kupeleka tanuuni kuchomwa chokaa. Kichochoro chenyewe punda na mtu hawapishani, seuze punda na Mgeni.

"Bibi, sogea punda wapite."

"Wapite juu."

"Bibi, punda hawa si ndege. Unakwenda wapi?"

"Kwa Shee mwashi."

Kombo akafungua mdomo. "Kari—"

"Limalize neno hilo," Mgeni akasema, "uone fimbo yangu inavyokaribia."

Kombo akacheka mpaka akakohoa. Yeye hakuwa mtu wa mjini, alilala huko shamba kwenye matanuu, na nyumba ya Shee hakuijua kweli. Alitaka kusema karibu kwa sababu ndivyo alivyosikia watu wa mjini wakisema. Lakini njia ilikuwa imeziba, na jua kali, na bibi kachoka. Akashusha mawe sita mapana, akayapanga pembeni, yameegemea ukuta. "Njoo ukae hapa basi," akamwambia. "Upumzishe goti, nami nipite." Akamshika mkono akamketisha.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza, tangu Chokaani iwe Chokaani, mtu kumpa mtu mahali pa kukaa nje. Na aliyempa ni mwenye punda. Wenye milango ya nakshi walikuwa ndani.

Mgeni akaegemeza mgongo ukutani. Akavuta pumzi. Halafu akainua kidole. "Nyamazisha punda."

Kombo akamshika punda wa mbele pua. Kichochoro kikatulia. Na kupitia kwenye ukuta, kwa mgongo wake zaidi kuliko kwa masikio, Mgeni akasikia mwanamke anaguna. Akangoja, akihesabu kwa vidole. Yule wa ndani akaguna tena. Mkunga hahitaji kuambiwa mguno wa namna ile ni wa nini. Alikwisha kupita ukuta huo mara tatu na hakusikia kitu, kwa kuwa anayetembea husikia makubadhi yake tu.

"Huyu hana muda," akasema. "Mlango wa nyumba hii uko upande gani? Na usinibinulie mdomo!"

Kombo hakubinua mdomo. Alikwenda mwenyewe, akazunguka kona akikimbia, akaupata mlango kichochoro cha nyuma, akaugonga kwa fimbo ya punda mpaka yule bibi kizee asiyesikia akasikia. Kisha akarudi, akampa Mgeni bega, akampeleka mpaka kizingitini. Punda nao wakafuata, kwani hakuna aliyewaambia wasifuate.

Mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Sitawaeleza mengine, wengine wenu hamjala. Nitasema tu kwamba adhuhuri ilipita, alasiri ikaingia, na mkono usiojua usingemtoa mtoto yule, wala mama yake asingeinuka. Mkono wa Mgeni ulijua.

Shee alirudi kutoka forodhani uso umekuwa rangi ya chokaa yake. Mtumbwi ulikuwa umefika bila mkunga. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia mkewe, hakuyapata. Alipokata kona akakuta punda wanne wamejaa mlangoni pake, na Kombo amekaa kizingitini, na ndani mtoto analia kwa hasira. Wanasema alimkumbatia punda. Mimi sikuwapo, lakini naamini. Mwanamume akifurahi hukumbatia kilicho karibu.

Alikuwa mtoto wa kike. Wakamwita Mgeni, wangemwitaje tena?

Jioni mkunga alitoka akakaa tena juu ya mawe yale sita, jasho linamtoka, maji ya kunywa mkononi. Shee akamuuliza ampe nini. Mgeni akasema, "Kombo asiyachukue mawe haya. Yaache hapa hapa. Na lile neno lenu mlitengeneze. Mtu akisema karibu, pawe na mahali pa kukaa." Shee kazi yake ni chokaa, siku ya tatu mawe yalikuwa yameshikana, yamepakwa, meupe, laini kama mkate wa kumimina. Hilo hapo, chini yako wewe mwenye kofia.

Mngedhani mji mzima uliona haya ukafuata. Wapi! Mji haubadiliki kwa kuona haya. Ulibadilika kwa sababu Bi Asya alikuwa na binti mwenye mimba ya miezi mitano. Alipopata habari kwamba yule mama aliyemrushia makubadhi ndiye mkunga, hakulala siku mbili. Akamwita Shee amjengee baraza mlangoni pake, refu mara mbili ya lile la kwanza, lenye kiegemeo. Kazi ilipokwisha akaketi katikati yake, kanga mpya, akamngoja Mgeni aje kumkanda Somoe siku ya arubaini.

Mgeni akaja, anachechemea. Bi Asya akasema, kwa sauti ndogo, "Karibu."

Mgeni akasimama. Akalitazama baraza, akamtazama aliyelikalia katikati. "Karibu ipi?"

Kichochoro kizima kilikuwa madirishani kikisikiliza. Bi Asya alikuwa na ulimi mkali kama wangu, lakini siku hiyo haukumfaa. Alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu yeyote. Alijisogeza. Polepole, mpaka mwisho wa baraza, nusu ya tako lake ikabaki hewani.

Mgeni akaketi. Akavua makubadhi, akayapanga vizuri. "Hii sasa," akasema, "ndiyo karibu." Na mwezi wa tisa ulipotimia alimzalisha binti wa Bi Asya mtoto wa kiume, mzito, mwenye kelele kama bibi yake.

Baada ya hapo jirani akaona jirani ana baraza, akataka lake, na la jirani wa tatu likawa na nafasi ya kuchorea bao. Muuza kahawa akaona watu wamekaa, akaleta kahawa na kashata. Wanawake wakatoka alasiri na kusukana nywele. Mnavyovipenda hapa na kuvipiga picha vyote vilikuja kukaa baada ya mawe sita.

Na tangu siku hiyo, mtu wa Chokaani akiulizwa njia habinui mdomo. Kwanza atakuketisha, kisha atakunywesha kahawa, kisha atanyanyuka mwenyewe akupeleke mpaka mlangoni, na ukimwambia umeshapajua hatakusikia. Na akisema karibu bila kujisogeza, hata pawe na nafasi ya watu kumi, tunamwambia hajasema kitu. Ndiyo maana mabaraza yetu yote yamelika katikati yaking'aa, kwa kusuguliwa na watu wanaosogea. Na akina Mgeni mjini hapa ni wengi kuliko wageni wenyewe. Mimi ni mmoja wao.

Haya, nimemaliza, na kahawa imepoa. Wewe mwenye kofia, jisogeze. Kuna mtu kasimama pale kona, ana karatasi mkononi, na jua linamchoma.