Kisima cha Bi Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kivivu hivyo? Sogeeni, hadithi ya leo ni chungu na siirudii.

Hapo zamani za kale, ukame uliishika nchi ya wanyama, na mwana wa pekee wa Bi Muhanga akaugua kwa kiu. Muhanga ni mchimbaji. Alinusa ardhi ya bondeni akajua maji yapo chini. Lakini ardhi yote ilikuwa ya Mfalme Tembo, na mwenye kuchimba bila ruhusa hufukuzwa nchini. Basi akaenda barazani.

"Sikuitwa, nimekuja mwenyewe," akasema. "Maji yapo, mwanangu ana kiu, nipeni ruhusa nichimbe."

Tumbiri, katibu wa baraza, akamjibu, "Wazo jema, mama. Ila wazo lisiloombwa lazima lichunguzwe. Tuonyeshe ni wapi."

Akawaonyesha. Akangoja wee, mtoto anakauka midomo. Akarudi.

"Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Maji yapo, mwanangu ana kiu, nipeni ruhusa nichimbe."

"Bado tunachunguza, mama. Tueleze unachimbaje."

Akaeleza yote, mpaka namna ya kutegemeza kuta kwa magogo zisiporomoke. Maskini, alidhani anasikilizwa. Akarudi mara ya tatu, mtoto mgongoni, hata kulia hawezi.

"Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Maji yapo, mwanangu ana kiu..."

"Baraza limekubali," Tumbiri akamkatiza. "Kisima kitachimbwa. Tumetangaza wachimbaji washindane, apatikane mmoja."

"Basi nami nashindana."

"Wewe hapana, mama. Wazo ni lako, unalijua kuliko wenzako. Si haki kwao."

Mnasikia hayo? Eti haki! Kazi akapewa Ngiri, shemeji wa Mfalme, ambaye maisha yake yote analala katika mashimo yaliyochimbwa na Muhanga. Akachimba kwa pupa huku ngoma zinapigwa. Magogo hakuweka, aliona yanamchelewesha. Kuta zikaporomoka, udongo ukaziba maji, na Ngiri akatoka mzima akaulizia chakula.

Tumbiri akakimbia mpaka kwa Muhanga. "Mama, sasa baraza linakuita. Njoo uchimbe wewe."

Alimkuta anachimba tayari, nyuma ya nyumba, shimo dogo la urefu wa mtoto. Hilo hakuliombea ruhusa kwa mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mwenye kiu asiniombe maji mimi.