Wageni Mia Tatu wa Sultani Ghalibu

Hapo zamani, falme saba zilipopigana hata watu wakasahau sababu ya vita, palikuwa na nchi ndogo iitwayo Tuliani, na Sultani wake ni Ghalibu. Huyu aliapa mbele ya wajumbe wote kwamba yeye hayumo vitani, hana adui wala rafiki, akasifiwa sana kwa hekima. Siku ile ile akapokea joho la hariri kutoka kwa Mfalme wa Kaskazini, na nyuma ya joho wakaja askari mia tatu na jemadari wao, wakapiga mahema katikati ya mji. Watu walipouliza, Sultani akajibu, "Hao si askari, ni wageni wangu."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walikuja, mwenyeji akakonda. Siku arubaini wakala mtama wa watu, na kuku wao, na hata mbegu zilizowekwa kwa kupanda.

Ikawa Mfalme wa Kusini akapata habari, akaleta barua: "Ijumaa mjumbe wangu atafika. Akiona askari mmoja wa adui yangu, nitaichoma Tuliani."

Sultani akapima pande zote mbili. Akiwafukuza, jemadari atamgeukia. Akiwaacha, mji utateketea. Mara akasikia mtu anacheka barazani. Alikuwa Feruzi, fukara msuka mikeka, asiye na kitu ila mdomo.

"Wewe unayecheka," akasema Sultani, "Ijumaa pasionekane askari hapa, wala mgeni wangu hata mmoja asifukuzwe. Ukishindwa, kichwa chako halali yangu."

"Nimesikia, Seyyid yangu. Ila nipe ruhusa niwatendee kama wageni, kwa mila yetu yote."

"Ruhusa unayo."

Basi Feruzi akawaendea wanawake waliopikia kambi, akawanong'oneza. Asubuhi askari walipokuja na sahani zao, wakakuta vyungu vimefunikwa, na kando yake majembe mia tatu yaliyoazimwa nyumba kwa nyumba.

"Nini hiki?" akanguruma jemadari.

"Mila, bwana," akajibu Feruzi. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyinyi mna siku arubaini. Tuwieni radhi kwa kuchelewa. Na silaha mgeni humwachia mwenyeji wake. Asiyelima leo hapakuliwi. Lakini ikiwa nyinyi ni jeshi, semeni, tumwandikie Mfalme wa Kusini."

Jemadari akamtazama Sultani, aliyekuwa amekuja kushuhudia. Sultani akatazama chini. Njaa haijui cheo. Kabla ya adhuhuri jemadari mwenyewe alikuwa shambani, kilemba kando, mikono imejaa malengelenge.

Ijumaa mjumbe akafika, akazunguka mji mzima, asione ila wakulima wanaoshika viuno. Hakuwa mjinga. Akatabasamu, akasema, "Sultani, kumbe nchi yako ni karimu! Mfalme wangu naye ana wageni mia tano, wako mpakani. Je, waje?"

Sultani akamgeukia Feruzi. Feruzi akainama.

"Waje, bwana, na karibu sana. Bonde la magharibi halijaguswa, na mvua zimekaribia."

Mjumbe akaitazama mikono ya jemadari, akaitisha farasi wake, akaenda zake. Jioni ile wageni wa Kaskazini nao wakaaga wenyewe. Walisema vitani angalau kuna mapumziko.

Sultani akacheka hata machozi. "Feruzi, sema utakalo."

"Seyyid yangu, fungua ghala lako uwarudishie watu mbegu, kwani wageni walikuwa wako. Na siku nyingine ukisema humo vitani, usiwemo."

Kicheko kikamkauka Sultani mdomoni. Akatoa funguo za ghala mwenyewe, mbele ya watu wote, asimwangalie mtu usoni.