Ulimi wa Kuazima

Hapo zamani, katika mji wa Kitangani, alikuwako Sultani aitwaye Zahrani na mkewe Bibi Mwanakheri, na watu hawa wawili walikuwa na siku kumi na mbili hawajasemezana. Bwana alikaa orofani, Bibi akakaa chini, na ngazi iliyokuwa kati yao ilikuwa na vidato arobaini.

Sasa nyumba ikinuna, hununa mpaka jikoni. Wapishi nao walikuwa wawili, mmoja wa upande wa Bwana na mmoja wa upande wa Bibi, nao wakaacha kusemezana kwa kuwafuata wakubwa wao. Basi siku moja kila mmoja alitia chumvi katika pilau asimwulize mwenziwe, ikawa wageni wanakunywa maji kama ngamia. Siku ya pili kila mmoja alidhani mwenziwe ametia, ikawa pilau haina ladha hata ya mvuke. Waziri akatafuna, akameza kwa taabu, akasema, "Maulana, ufalme unaharibika kuanzia tumboni."

Sultani akatangaza kwamba anamtaka mtu wa kuleta amani nyumbani mwake. Watu wote waliokuwapo barazani kwake orofani wakakumbuka shughuli zao wakaondoka, isipokuwa Shaame, msuka mikeka, maskini hohehahe, ambaye alikuwa ameketi juu ya mkeka aliokuja kuuuza akaona uchungu kuuacha.

"Ewe Shaame," akasema Sultani, "utakuwa ulimi wangu. Kila litokalo kinywani mwangu ulipeleke kwa Bibi kama lilivyo, na lake uniletee kama lilivyo. Usizidishe wala usipunguze. Kufika adhuhuri nataka amani, lakini mimi sitasema naye, wala yeye hatasema nami. Ukipotosha neno moja, au amani isipopatikana, utauhama mji huu."

"Labeka, Maulana. Kila litokalo?"

"Kila litokalo."

Basi Sultani akajiweka sawa, akasema, "Mwambie, Sultani anauliza kama yu tayari kuomba radhi. Khm. Ah, nyumba hii imekuwa pango tangu aliponyamaza. Lakini hilo usimwambie."

Shaame akashuka vidato arobaini, akasimama mlangoni kwa Bibi akajiweka sawa vile vile, akasema kwa sauti nzito, "Mwambie, Sultani anauliza kama yu tayari kuomba radhi. Khm. Ah, nyumba hii imekuwa pango tangu aliponyamaza. Lakini hilo usimwambie."

Bibi akauma ncha ya mtandio wake asicheke. Kisha akakunja uso, akasema, "Mwambie bwana wako, sina neno naye. Sina hata moja. Miezi mitatu nimemshonea kofia, nikijidunga vidole, naye kaivaa mara moja tu akampa mgeni. Sasa na wewe unaniangalia nini? Nenda, na habari ya kofia usiifikishe."

Shaame akapanda, akihema. Akamkunjia Sultani uso, akasema kwa sauti nyembamba, "Mwambie bwana wako, sina neno naye. Sina hata moja. Miezi mitatu nimemshonea kofia, nikijidunga vidole, naye kaivaa mara moja tu akampa mgeni. Sasa na wewe unaniangalia nini? Nenda, na habari ya kofia usiifikishe."

Waziri akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Lakini Sultani hakucheka. Alikuwa hajui mpaka saa ile kwamba ugomvi ni kofia. Alidhani Bibi amemchoka.

"Kofia?" akasema. "Mgeni yule aliisifu mbele ya watu, na ada ya wazee wangu ni kwamba asifiacho mgeni hupewa. Nilimpa huku moyo ukiniuma. Tangu siku ile kila nivaayo hunibana."

Shaame akashuka nalo. Akapanda na jibu. Akashuka tena, na kwa safari ya saba miguu ikamwisha nguvu, akaketi katikati ya ngazi, kidato cha ishirini, akasema, "Maulana, ulimi ungali mzima, ila miguu imekwisha. Hapa nakusikia wewe juu na Bibi chini. Semeni, nami nitarudia."

Sultani akatoka hadi kichwa cha ngazi, akasema, "Mwambie ningalijua, ningalimpa mgeni farasi."

"Mwambie ningalijua," akaanza Shaame.

"Nyamaza, Shaame, nimesikia," akasema Bibi kutoka chini. "Mwambie angaliniambia ile ada, ningalimshonea mgeni nyingine."

"Mwambie anga..."

"Nyamaza, Shaame," akasema Sultani, naye amekwisha kushuka vidato kumi. Bibi alikuwa anapanda. Shaame akajibana ukutani wakutane, na wapishi waliokuwa wakichungulia wakatazamana, mmoja akamwuliza mwenziwe kwa haya, "Leo tutie kiasi gani?" Wakaenda jikoni pamoja.

Mwadhini alipoadhini adhuhuri, Sultani alikuwa ameketi ngazini na mkewe. Akajitia ukali, akasema, "Shaame, umevunja sharti. Nimesema na Bibi."

"Hasha, Maulana. Wewe ulikuwa ukisema nami, na Bibi alikuwa akisema nami. Kila mara mlisema 'Mwambie', au mlinitaja jina. Kama masikio ya mtu yalikuwa karibu, mimi niliahidi ulimi, sikuahidi masikio."

Sultani akacheka hata akashika ukingo wa ngazi. Akampa Shaame ng'ombe wa maziwa na kiwanja cha kujenga, kisha akasema, "Na tangu leo utakaa nami, uwe mjumbe wa nyumba yangu siku zote."

"Naikataa kazi hiyo kwa adabu," akasema Shaame. "Mkiwa mnasemezana, nitakula mshahara wa bure. Na mkinihitaji tena, nitakuwa nimeshindwa ile ya leo."

Basi hapo ndipo nilipofika nayo. Iliyempendeza aende nayo. Na asiyependezwa aje aniambie mwenyewe, asimtume mtu.